Kwa Nini Maji ya Ndoo Hayamwagiki Kichwani?

Bombani huko Mwembesongo, katika Manispaa ya Morogoro, hakosi mtoto wa kuonyesha ujasiri kwa ndoo ndogo. Huitia maji hadi nusu, huukamata mshikio wake, kisha huizungusha wima: chini, mbele, juu ya kichwa, nyuma, hata chini tena. Wenzake husimama kando wakingoja arowe. Harowi. Ndoo ifikapo juu, ikiwa imefudikizwa kabisa, maji hubaki humo humo kana kwamba yamegandishwa.

Mwanafunzi akiulizwa sababu, aghalabu hujibu kwamba iko kani inayoyasukuma maji kwenda nje na kuyabana kwenye kitako cha ndoo. Jibu hilo limeenea mno, nalo halisimami. Mtu anayeutazama mchezo huu akiwa kando hawezi kuonyesha kani yoyote ya kwenda nje. Zinazoyagusa maji kule juu ni mbili tu: uzito wake na msukumo wa kitako cha ndoo, na zote mbili zaelekea chini!

Basi mbona maji hayaanguki? Ukweli ni kwamba yanaanguka. Kitu chochote kiendacho katika duara huiacha kila nukta njia yake iliyonyooka na kupinda kuelekea kitovu. Kule juu kitovu kiko chini, kwa hiyo kupinda ni kuanguka. Lakini ndoo nayo yavutwa chini na mkono kwa wepesi ule ule, wala maji hayapati nafasi ya kuachana nayo.

Mchapuko unaohitajika ili kitu kizunguke ni mraba wa mwendo wake ukigawanywa kwa nusukipenyo cha duara. Ikiwa toka begani hadi kwenye maji ni mita 0.9, na mchapuko wa mvutano wa dunia ni mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, mwendo mdogo kabisa unaotosha kule juu ni mita 3 kwa sekunde. Mzingo wa duara hilo ni mita 5.65, basi mzunguko mmoja usizidi sekunde 1.9. Mtoto atakayezubaa akafikisha sekunde mbili na nusu atarowa. Yafaa mwalimu alipime jambo hili uwanjani kwa saa ya mkononi: mizunguko 10 kwa sekunde 15 ni mwendo wa salama.

Salama, yaani, kwa upande wa juu. Upande wa chini hakuna autazamaye, na huko ndiko kwenye taabu. Hapo mkono hauna budi kuubeba uzito wa maji, na papo hapo kuyapinda yaelekee juu. Kwa mwendo huo usiobadilika, maji ya lita 5, ambayo uzito wake ni nyutoni 50 hivi, huvuta kwa nyutoni 130 hivi, mbali na ndoo yenyewe. Mshikio wa plastiki ukikatika, hukatika hapo.

Jambo hilo lilipopuuzwa, watu waliumia. Mwaka 1895, huko Coney Island, New York, ilifunguliwa reli ya michezo iliyoitwa Flip Flap. Kigari kiliteremka kutoka mahali pa juu, kikapita ndani ya kitanzi cha duara chenye kipenyo cha mita 7.6 hivi. Abiria hawakuanguka vichwa chini. Walilalamikia shingo zao. Hesabu yaonyesha sababu. Msuguano usipohesabiwa, kigari kinachofika kileleni kwa mwendo wa kutosha tu lazima kiwe kimeanzia kimo cha mara 2.5 ya nusukipenyo, nacho kikiingia kitanzini chini kabisa, kiti humsukuma abiria kwa kani ya mara 6 ya uzito wake. Mwanafunzi wa kilo 50 atasukumwa kwa nyutoni 3,000. La ajabu ni kwamba nusukipenyo hakimo katika jawabu: duara na likuzwe lipite minara, mara 6 zitabaki 6.

Kwa hiyo dawa haikuwa kulikuza duara bali kuliacha. Mwaka 1976, huko Magic Mountain, California, ilifunguliwa reli ya Revolution, ambayo kitanzi chake kilichohesabiwa na mhandisi Mjerumani, Werner Stengel, kina umbo la tone la maji lenye ncha iliyofunguka chini. Chini, kigari kikiwa na mbio, njia hupinda taratibu kama kipande cha duara kubwa. Juu, mbio zikiisha kupungua, hupinda upesi kama duara dogo.

Mwembesongo haina reli ya namna hiyo, lakini kuna malori ya kabichi na viazi yashukayo mjini kutoka Mgeta. Kanuni ni ile ile, ila duara limelazwa, na kani ya kuelekea kitovu hutokana na msuguano wa matairi na barabara. Katika kona ya nusukipenyo cha mita 20, lori liendalo kilomita 18 kwa saa lahitaji kani ya thumuni ya uzito wake. Dereva akiongeza mwendo maradufu, haihitajiki robo, bali nusu. Tena msuguano huo uko chini, kwenye magurudumu, ilhali mzigo umerundikwa juu, na pengine watu wameketi juu ya mzigo. Ndiyo maana lori hupindukia upande wa nje. Mhandisi wa California aliweza kuitanua kona palipo na mbio. Katika mbavu za Uluguru, upande mmoja ni mwamba na wa pili ni korongo, kona haitanuki. Kinachobaki ni mwendo: ukishushwa kutoka kilomita 36 hadi 25 kwa saa, kani inayotakiwa hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu.