Je, Wajua? Jenerali China na Mitaa ya Eastlands
Waruhiu Itote, aliyevuma kwa lakabu ya Jenerali China, alihitimu elimu ya vita huko Burma akiwa koplo wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), akafanya kazi ya reli, kisha akaingia msitu wa Mlima Kenya kuwaongoza wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni wa Waingereza. Alipotekwa Januari 1954 alihukumiwa kifo, akanusurika kwa kukubali kuwaandikia wenziwe barua za suluhu; nayo mazungumzo yaliyofuata yalipovunjika Aprili, majeshi ya Waingereza yaliizingira Nairobi tarehe 24, yakawakokota maelfu ya raia kutoka mitaa ya Eastlands kama Bahati na Pumwani hadi kizuizini. Akiwa gerezani Lokitaung, Itote alifundishwa Kiingereza na mfungwa mwenzake, Jomo Kenyatta. Mwaka 1967 alichapisha tawasifu yake.