Kobalti ya Lualaba ndani ya chuma kinachonywa hidrojeni

Ukizungumza juu ya kobalti mjini Kolwezi, watu wanafikiri mara moja betri za simu na za motokari za umeme. Ni wachache wanaojua kwamba madini hayo yaliokoa pia utafiti mwingine, ule wa kuhifadhi hidrojeni ndani ya chuma.

Hidrojeni ni gazi inayoungua bila kutoa kaboni. Taabu ni kuibeba, maana ni nyepesi kupita gazi zote. Motokari Toyota Mirai, iliyoanza kuuzwa mwaka 2014, inabeba kilo 5 hivi kwa presha ya bar 700, karibu mara 700 ya presha ya hewa tunayovuta. Kuigeuza kuwa maji kunadai baridi ya digrii 253 chini ya sifuri.

Njia ya tatu ni aloi, yaani metali mbili au zaidi zilizoyeyushwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa kampuni ya Philips kule Eindhoven, Uholanzi, walikuwa wakichunguza sumaku. Katika kazi hiyo wakaona kwamba mchanganyiko wa lantani na nikeli unanywa hidrojeni kama kitambaa kikavu kinavyonywa maji. Gazi inagawanyika juu ya aloi, kisha atomu zake zinajipenyeza ndani. Aloi inapata joto wakati wa kunywa. Ukiipasha moto, inarudisha gazi. Lita moja ya aloi hiyo inashika hidrojeni nyingi kupita lita moja ya hidrojeni iliyogeuzwa maji.

Shida ni uzito. Aloi hiyo inabeba hidrojeni ya asilimia 1,4 hivi tu ya uzito wake. Kwa kilo 5 za Mirai, zingehitajika kilo zaidi ya 350 za aloi. Mwaka 1974, maabara ya Brookhaven, Marekani, ilitangaza aloi ya titani na chuma, ya bei nafuu zaidi, lakini nayo haifiki asilimia 2. Magnesi inafika 7,6, ila inataka joto la digrii 300 hivi ili iachilie gazi. Ndiyo sababu aloi hizi zimepata kazi katika manowari za Ujerumani zinazokwenda chini ya bahari, ambako uzito si adui.

Shida ya pili ilikuwa kuvimba. Ikinywa hidrojeni, aloi ya lantani na nikeli inaongezeka karibu robo ya ukubwa wake. Ikirudia mara nyingi, inavunjika na kuwa unga. Hapo ndipo kobalti iliingia. Katika miaka ya 1980, mtafiti Willems wa Philips aliweka kobalti mahali pa sehemu ya nikeli, kuvimba kukapungua, na aloi ikadumu. Kutokana na kazi hiyo zikaja betri za nikeli na hidridi, zilizotumiwa katika Toyota Prius tangu mwaka 1997. Katika aloi ya kawaida ya betri hizo, kobalti ni karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito.

Sehemu hiyo ndogo ndiyo ya bei kali, na watafiti wamekuwa wakitafuta namna ya kuiondoa, kwa kutumia manganizi, alumini au chuma. Congo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Mwezi wa Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kuiuza inje ili bei ipande, kisha mwezi wa Oktoba ikaweka viwango vya kuuza. Bei ikipanda, Lualaba inapata pumzi. Lakini bei hiyohiyo inawapa watu wa maabara sababu ya kuendelea kutafuta aloi isiyoihitaji.