Tukingoja Amazon tutazeeka: ‘Walenisi’ ipo, Wasini ipo

KAMA wewe ni mtu wa seriali za angani, bila shaka unaijua Foundation. Isaac Asimov alianza kuchapisha hadithi zake jaridani mwaka wa 1942, kitabu cha kwanza kikatoka 1951, lakini Apple TV+ iliipeperusha kwa mara ya kwanza 2021. Miaka 70 baadaye!

Ugumu ulikuwa wapi? Hadithi yenyewe inaruka karne kwa karne. Mhusika uliyempenda leo, ukigeuza kurasa chache tayari ni marehemu wa kitambo. Isitoshe, watu wa Asimov wanaongea sana kuliko wanavyotenda. Kwa hivyo David S. Goyer na wenzake wakabuni wafalme walionakiliwa kutoka mwili mmoja, ili sura zilezile zirudi kila karne. Gaal Dornick na Salvor Hardin, ambao ni wanaume kitabuni, wakawa wanawake. Wapo mashabiki waliong’aka, ila bila kuthubutu hivyo tungekuwa tunatazama watu wakihutubiana tu.

Sasa tuje kwetu. Machi 2019 ilitangazwa kwamba Mkenya Wanuri Kahiu, yule wa Rafiki, angeongoza seriali ya Amazon inayotokana na Wild Seed, riwaya ya Octavia Butler ya 1980 iliyo sehemu ya msururu wa vitabu vitano. Angeandika pamoja na Nnedi Okorafor, na kampuni ya Viola Davis ikawa miongoni mwa waandaaji. Vijana tukashangilia. Miaka imepita na hatujaona hata kipindi kimoja. Ndivyo biashara hiyo ilivyo: tangazo ni tangazo, na mwenye pesa ndiye anayeamua.

Kahiu alikuwa ameshaonyesha anachoweza. Pumzi, filamu yake fupi ya 2009, inatupeleka Afrika Mashariki iliyokaushwa na vita vya maji, ambako hata jasho linasafishwa linywewe tena. Lakini hiyo Afrika Mashariki ya kesho ilipigwa picha Afrika Kusini.

Basi tusubiri mpaka lini, na hali tuna kitabu chetu? Mwaka wa 1995 Katama Mkangi, mwanasosholojia kutoka Pwani aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi, alichapisha Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Hafi. Anatua Walenisi, nchi yenye haki na usawa ambao kwao hajawahi kuuona. Litamke jina hilo polepole: wale ni sisi.

Na mahali pa kuipigia picha? Foundation ilienda Malta na Visiwa vya Canary kutafuta ardhi isiyofanana na dunia hii. Sisi tuna Wasini, mkabala na Shimoni, Kaunti ya Kwale. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, miamba iliyochongoka ambayo maji ya bamvua huja kuizunguka, na wanawake wa kijiji wana njia yao ya mbao ya kuwapitisha wageni juu yake. Magari hakuna. Mto hakuna, na watu wamezoea kukinga maji ya mvua. Ukivuka hadi Shimoni, unakuta pango linalokumbusha biashara ya watumwa. Na ukielekea bara, Dzombo ni jina la mlima wenye kaya ya Wadigo.

Ila Wasini si mandhari tu. Wenyeji ni Wavumba na wana Kiswahili chao, Kivumba, lahaja ya watu wachache ambayo huisikii kwenye runinga. Hebu fikiria watu wa Walenisi wakiongea Kivumba. Kipindi cha kwanza Dzombo haelewi vizuri, nawe uliyeketi Umoja au Likoni unakuna kichwa. Kufikia cha tatu sikio limefunguka: kumbe ni Kiswahili! Kumbe wale ni sisi! Fumbo la Mkangi limefumbuka bila mtu kuhutubu.

Hapo pia ndipo pa kuharibu. Ukifika na kamera, ukawavisha Wavumba mavazi ya ajabu na kuwafanya viumbe wa sayari nyingine, umewatukana. Ni lazima wawemo wanaoandika mazungumzo, wanaoigiza na wanaolipwa, si wale wa kubeba mizigo na kuendesha boti pekee. Na kaya si jukwaa. Bila idhini ya wazee, hupigi picha.

Halafu kuna sheria. Nchini Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Mkangi alituacha 2004, kwa hivyo hadi 2054 lazima uongee na wenye haki zake kabla ya kuandika mswada. Pesa nazo ni kidogo, lakini Pumzi ina dakika ishirini na kitu tu na ilifika tamasha la Sundance 2010.

Anza na kipindi kimoja, dakika 20. Wengine wameshajichorea kesho yao, na sisi kila wiki tunalipia bando kuitazama. Kesho ambayo mtoto wa Mkwiro anajisikia akizungumza, hakuna atakayetutengenezea.