Hesabu ya kwenye simu si jina la ugonjwa

Wazazi wengi wanajaza kwenye simu maulizo juu ya akili na roho ya mutoto, wanapata hesabu, wanashituka. Basi tuelezane.

Maulizo yanayojulikana sana yalitungwa na munganga Robert Goodman, Uingereza, mwaka 1997. Ni 25. Muzazi anajibu juu ya mutoto wa miaka 4 mpaka 17, vile alivyokuwa miezi 6 iliyopita: si kweli, kweli kidogo, kweli kabisa. Taabu zinahesabiwa mpaka 40. Kuanzia 17, hesabu iko juu. Ni kama kumutia mukono kwenye paji la uso: unasikia moto, lakini hujui bado kama ni malaria.

Na ni nani anajaza? Baba wa Kingamyambo anayetumika usiku na kulala muchana, anajua nini juu ya usingizi wa kijana wake? Mama naye ajaze, peke yake. Kuanzia miaka 11 kijana ana karatasi yake mwenyewe, na hiyo ni ya lazima kwangu: ugomvi wazazi wanauona, huzuni ya ndani hawaioni.

Hesabu ikiwa juu, mumulete kwenye dispansari, si kwa mutu atakayemwita muloji. Sheria ya 10 Januari 2009 inakataza kumushitaki mutoto ulozi. Tutapima damu kwanza, maana malaria na upungufu wa damu pia vinamuchokesha mutoto na kumunyamazisha. Akisema anataka kufa, musingojee hesabu yoyote. Musimuache peke yake, mumulete siku hiyo hiyo, hata usiku.