Kazi Ndogo Haina Fundi

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia, hata hivyo, la kufanya pale mwenye nyumba anapouona ufa, nia anayo na saruji anayo, bali akamkosa mtu wa kuuziba. Hiyo ndiyo hali iwakabiliyo wakazi wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke.

Ajabu ni kwamba mafundi wapo. Mkoa huu, ambao katika sensa ya mwaka 1978 ulikuwa na watu wapatao 843,000, ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022. Watu hao hawalali mitini. Wapo waashi, maseremala na mafundi bomba waliowajengea. Lakini koki ikivuja, au bawaba ya mlango iking'oka, mwenye nyumba huzunguka siku tatu na kuambulia ahadi ya kesho.

Nasi tuandikao safu hii yalitukuta. Koki ya jikoni ilianza kudondosha maji. Fundi wa kwanza aliahidi kuja Jumamosi, na Jumamosi ikapita. Wa pili alifika, akatazama, akasema bomba zima lifumuliwe. Wa tatu alipokea fedha ya vifaa, asionekane tena. Hatimaye mzee mmoja jirani, fundi mstaafu, aliifungua koki hiyo, akabadili kipande cha mpira, akamaliza kabla chai haijachemka. Tulipomwuliza ujira wake alisita, kwani kazi kama hiyo haina bei ijulikanayo.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ni rahisi kuwalaumu mafundi, na wako wastahilio lawama. Lakini tuupime na upande wao. Fundi akaaye Tandika akiitwa Bunju hana budi kuukata mji mzima kwa daladala, mfuko wa vyombo begani. Akifika, kazi ni ya nusu saa, na mwenye nyumba humlipa nusu saa hiyo tu, tena baada ya kuomba apunguziwe. Siku yake imekwisha, ilhali kwenye jengo jipya angepata kazi ya wiki nzima. Basi ama haji, ama akija huikuza kazi ili imlipe. Hapo sisi wenyewe tumemfundisha kuikuza.

Hasara yake si ndogo. Bati lililotoboka huozesha mbao za paa, na waya uliochunika waweza kuiteketeza nyumba pamoja na waliomo.

Ujuzi haujakosekana. Taifa lilitunga sheria ya mafunzo ya ufundi mwaka 1974, na sheria ya mwaka 1994 ikaanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, yenye chuo Chang'ombe, humo humo Temeke. Mamlaka hiyo huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazi mitaani. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumkutanisha fundi na kazi iliyo karibu naye.

Kwa maoni yetu, kila ofisi ya serikali ya mtaa ingefaa kuwa na daftari la mafundi wakaao mtaani humo, pamoja na vyeti vyao kwa walio navyo. Majirani nao wakusanye kazi zao ndogo ndogo, koki ya huyu na kitasa cha yule, wamwite fundi mmoja kwa siku moja. Zaidi ya yote, tukubali kumlipa fundi kwa kuja kwake na kwa ujuzi wake, si kwa dakika alizoinama tu. Fundi atakayeona kuwa kazi ndogo inamlisha, ataifuata mwenyewe.

Hayo hayahitaji fedha za kigeni wala kamati. Yafanyike mapema, kwani mvua za masika hazimsubiri fundi.