Injini ya boda inafunguliwa baada ya kilomita ngapi, na pesa ya kuifungua inatoka wapi?

Ukisimama steji yoyote kati ya Isebania na Oyugis na uulize pikipiki inafaa kufunguliwa injini lini, utapata majibu mengi kama walio hapo. Mmoja atasema ikifika elfu thelathini. Mwingine atasema yake iko elfu sitini na haijawahi kuguswa. Wa tatu atakuonyesha pikipiki ya mwaka jana ambayo tayari inatoa moshi kama jiko la kuni. Wote watatu wanasema ukweli, na ndiyo maana tumeona tuliandikie swali hili.

Sisi si mafundi. Kazi yetu ni pesa za simu. Lakini kwa wateja wetu wengi wa Migori na Homa Bay pikipiki ndiyo duka, shamba na mshahara, na injini ikikufa ghafla mtu huishia kukopa usiku kwa haraka, bila hata kusoma masharti. Mambo ya injini utakayosoma hapa si siri, fundi yeyote mzoefu atakuthibitishia. Sisi tunaongeza upande wa hesabu.

Kwa nini hakuna namba moja

Pikipiki nyingi za boda kwetu ni za silinda moja, cc 100 hadi 150, zinazopozwa na upepo: Boxer, TVS na ndugu zao. Injini ya aina hii ikitunzwa inaweza kupita kilomita 50,000 bila kufunguliwa. Ikipuuzwa, inaweza kufa kabla ya 20,000. Tofauti hiyo inaletwa zaidi na vitu viwili, oili na vumbi.

Tuanze na vumbi, kwa sababu ndilo watu hulidharau. Injini inavuta hewa muda wote inapofanya kazi. Anayebeba abiria kwenye lami ya Rongo hadi Homa Bay anavuta hewa tofauti kabisa na anayepeleka watu Macalder kwenye migodi ya dhahabu, au anayefuata trekta za miwa kule Awendo wakati wa kiangazi. Vumbi la murram ni mchanga mdogo sana. Likipita kwenye filta linaingia kati ya pistoni na ukuta wa silinda, na hapo linafanya kazi ya msasa. Kila safari inakwaruza kidogo. Ringi zinalegea, oili inapanda juu kuchomwa pamoja na petroli, nguvu inapungua.

Sasa kuna vijana wanaotoa filta kabisa eti pikipiki ipumue vizuri na ivute. Itavuta, ndiyo, kwa muda. Lakini filta ndiyo kitu cha bei nafuu zaidi kwenye hadithi hii yote. Ya sponji unaiosha, unaikausha, unaipaka oili kidogo na kuirudisha. Ya karatasi haioshwi na maji. Unaikung'uta, na ikichoka unanunua nyingine. Kwenye vumbi la Nyatike, kuitazama kila wiki si kuzidisha.

Halafu kuna matope. Ukishuka Bonde la Lambwe wakati wa mvua, ile ardhi nyeusi inashika kila kitu. Yale mapezi unayoyaona nje ya silinda yapo ili upepo uondoe joto. Yakizibwa na tope lililokauka, injini inapika yenyewe, hasa ukiwa na mzigo na unapanda vilima vya Gwassi kwa gia ya kwanza. Kuosha pikipiki si urembo tu. Ila usiiingize mtoni au ziwani hadi maji yafike kwenye boksi la filta. Ukiona oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: usiwashe, imwage kwanza.

Oili ni lita moja tu

Injini hizi hubeba oili ya karibu lita moja. Lori linaweza kupoteza nusu lita na lisitambue. Wewe ukipoteza nusu lita, umepoteza nusu ya damu. Ndiyo sababu kupima asubuhi kuna maana kuliko mazungumzo yote kuhusu oili gani ni bora. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali pa tambarare, injini ikiwa imepoa, tazama kijiti au kioo. Dakika moja.

Kuhusu aina, fuata unene ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na ununue oili ya pikipiki, si ya gari. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili nyingine za magari zimewekewa dawa za kuteleza ambazo zinaifanya klachi ishindwe kushika. Kwenye mkebe tafuta herufi JASO MA. Angalia pia kama kifuniko hakijafunguliwa, maana mkebe mzuri unaweza kujazwa oili chafu iliyochujwa.

Kumwaga je? Kitabu kinaweza kukupa kilomita nyingi, lakini hesabu hiyo haikumfikiria mtu anayezunguka kutwa na abiria wawili na gunia la omena. Kwa kazi ya boda kwenye vumbi, kilomita 2,000 hadi 2,500 ni kiasi cha busara. Na ukimwaga, mwambie fundi asafishe chujio la oili pia. Wengine huliruka.

"Lakini mita yangu ilikatika kebo zamani." Tunajua, na wewe si wa pekee. Hapa simu yako inasaidia. Kama unalipia petroli kwa till, fungua taarifa yako ya miamala ya mwezi, jumlisha ulichotumia kwenye petroli, ugawe kwa bei ya lita. Tuseme imekuja lita 60, na pikipiki yako inakula lita moja kwa kilomita 40. Hiyo ni kilomita 2,400. Umefika wakati wa kumwaga, hata kama mita imelala kwenye sifuri.

Dalili, kabla haijakuangusha njiani

Injini haifi bila kusema. Moshi wa bluu ni oili inayochomwa. Ukitoka tu wakati wa kuwasha asubuhi kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, kazi ndogo kidogo. Ukitoka kila unapovuta mafuta, shuku ringi na silinda. Moshi mweusi ni habari nyingine: petroli ni nyingi kuliko hewa, na huenda ni filta imeziba au kabureta inahitaji kurekebishwa. Usikubali kufunguliwa injini kwa sababu ya moshi mweusi kabla ya kuangalia hivyo viwili. Mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea ukipata moto si ugonjwa.

Dalili nyingine: kiki inakuwa laini, mguu unashuka bila upinzani. Kuna kipimo kimoja ambacho tungependa kila mwenye pikipiki akijue kwa sababu kinaokoa pesa. Fundi akiwa na geji ya kompresheni, apime, kisha atie oili kidogo sana kupitia tundu la plagi, apime tena. Kipimo kikipanda, oili imeziba nafasi kwa muda, kwa hiyo tatizo ni ringi au silinda. Kisipopanda, hewa huenda inatorokea kwenye valvu. Sasa unajua unalipia nini kabla ya bolti hata moja kufunguliwa.

Sikiliza sauti pia. Mlio mwepesi wa kuchachatika juu upande mmoja unaweza kuwa cheni ya taimingi au valvu zinazohitaji kurekebishwa. Mgongo mzito kutoka chini, ambao unaongezeka ukivuta na mzigo, ni jambo la kuzima na kusukuma. Hilo huenda ni konrodi au beringi za krenki, na ukiendelea hadi nyumbani unaweza kufika na injini isiyofaa kitu.

Kufungua ni kazi tatu tofauti, na bei tatu

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Neno ni moja, "kufungua injini", lakini kazi hazifanani. Ya kwanza ni ya juu tu: ringi mpya, sili, valvu kusagwa, gasketi. Ya pili ni silinda iliyochakaa ambayo inapelekwa kwenye mashine ikapanuliwa kidogo, halafu inawekwa pistoni kubwa zaidi ya kulingana nayo, au inabadilishwa silinda na pistoni vyote kama seti. Ya tatu ni kushuka hadi chini kwenye krenki, na hiyo ndiyo ghali.

Kosa la kawaida ni kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyokwisha kuliwa. Unalipa kidogo, unafurahi wiki mbili tatu, moshi unarudi. Uliza fundi amepima silinda kwa kifaa gani. Kama jibu ni "nimeiona kwa macho", tafuta maoni ya pili.

Sasa hesabu. Tuseme fundi amekutajia 12,000 kwa kazi ya pili, speya pamoja na ufundi. Weka bei halisi ya mahali pako. Hii ni mfano. Pikipiki inalala siku tatu, na kwa kawaida unabaki na 700 ukitoa petroli. Hiyo ni 2,100 nyingine. Jumla 14,100, na kama pikipiki ni ya mkopo, malipo ya kila siku hayasimami kwa sababu injini iko mezani. Upande wa pili, ukienda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, unafanya 31,200 kwa mwaka. Kumwaga oili kila 2,500 ni karibu mara 12, na kama oili ni 650, mwaka mzima ni 7,800. Anayeruka nusu ya hizo mara 12 anaokoa 3,900, halafu anajiweka karibu zaidi na ile 14,100.

Hata hivyo tusidanganyane. Hata ukitunza vipi, siku moja itafunguliwa. Ringi ni chuma kinachosugua chuma. Kwa hiyo gharama hii si ajali, ni bili ambayo tarehe yake haijaandikwa. Ukitenga bob 50 kwa siku za kazi, kwa mwezi ni 1,300, na ndani ya miezi kumi umepita ile 12,000. Weka kwenye akaunti ya akiba ya simu, tofauti na salio la matumizi, na uipe jina "injini" ili ukiiangalia usione pesa ya bure. Kama mkono wako ni mwepesi, chagua akiba ya kufunga, lakini soma kwanza sharti la kutoa kabla ya muda, maana injini haisubiri tarehe.

Ukilazimika kukopa kwa simu, usiangalie tu kiasi unachopata. Angalia jumla utakayorudisha na siku utakayotakiwa kuirudisha, kisha ujiulize pikipiki itakuwa imerudi barabarani siku ngapi kabla ya hapo.

Siku ya kulipa

Lipa speya moja kwa moja kwenye till ya duka, wewe mwenyewe. Jina la duka likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kuweka PIN. Ufundi lipa sehemu mwanzo na sehemu injini ikishawaka na umeizungusha. Dai speya za zamani urudishiwe, hata kama zinaenda kwa wauza vyuma. Pistoni ya zamani mkononi inathibitisha mpya imeingia.

Na ukipigiwa simu mchana, "boss, gasketi imepasuka, tuma 1,500 kwa namba hii mpya", usitume. Piga namba ya fundi uliyonayo siku zote, au panda boda ya mwenzako uende. Tapeli anahitaji tu kujua kwamba pikipiki yako iko gereji, na steji nzima inajua.

Ujumbe wa malipo usiufute. Andika kwenye simu tarehe, kilomita na kilichobadilishwa, kando ya kumbukumbu ya muamala. Siku ukiuza pikipiki au ukirudi kwa fundi kulalamika, una ushahidi.

Injini ikitoka, iendeshe taratibu kilomita 500 za kwanza. Usivute mwisho, usibebe gunia, usipande Gwassi na abiria wawili. Ringi mpya zinahitaji kukaa kwenye ukuta wake. Kisha mwaga ile oili ya kwanza mapema, hata kama bado inaonekana safi, kwa sababu ina unga wa chuma kutoka kwenye vipuri vipya. Andika kilomita za siku hiyo. Ile bob 50 ya akiba inaanza tena kesho yake.