Ushauri wa Mtaalamu Utangulie Kabla ya Kusaga Vidonge vya Mgonjwa

Mgonjwa anaposhindwa kumeza kidonge, aghalabu wanaomuuguza hukisaga na kukichanganya na maji, uji au chai. Wataalamu wa afya hawakatazi jambo hilo kwa dawa zote, bali wanasisitiza lisifanyike kabla ya kumuuliza mtaalamu, kwa kuwa linalofaa kwa dawa moja huweza kuleta madhara kwa nyingine.

Mfano wa dawa iliyothibitika kufaa ikisagwa ni dawa mseto ya malaria, ALu. Dkt. Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye tawi lake Bagamoyo, na watafiti wenzake waliifanyia uchunguzi kwa watoto 899 wa Tanzania, Kenya, Benin, Mali na Msumbiji. Kundi moja lilipewa vidonge vya kawaida vilivyosagwa, na jingine vidonge vinavyoyeyuka katika maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet yalionesha kuwa zaidi ya asilimia 97 ya watoto walipona katika kila kundi. Hivyo, mzazi anayepata kidonge cha kuyeyusha hana haja ya kusaga.

Hata hivyo, matokeo hayo hayahusu kila dawa. Baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu na kisukari hutengenezwa ili vitoe dawa taratibu kwa saa 12 au 24. Vikisagwa, dozi nzima huingia mwilini kwa mkupuo, na shinikizo la damu au sukari huweza kushuka kwa kiwango cha hatari. Omeprazole hukingwa na ganda maalumu. Likiharibiwa, asidi ya tumbo huiharibu dawa kabla haijafika kwenye utumbo. Aidha, vumbi la baadhi ya dawa za saratani huweza kumdhuru anayesaga, hususan mama mjamzito.

Wananchi wanashauriwa kumweleza daktari au mfamasia tatizo la kumeza mapema, ili mgonjwa apatiwe dawa ya maji, kidonge cha kuyeyusha au dawa mbadala. Alama SR, XR, MR au EC kwenye kasha ni onyo kuwa kidonge kisisagwe bila ushauri. Ciprofloxacin na doxycycline zisichanganywe na maziwa, kwani hupunguza nguvu yake. Mgonjwa, hasa aliyepata kiharusi, anayekohoa au kupaliwa anapomeza afikishwe kituo cha afya, na asiachishwe dawa kwa uamuzi wa nyumbani.